Kapalamsenga Kutoka Majini

Watu wa Mpanda wakiagiza mchoro ukutani wanataka mlima wenye theluji na twiga wawili pembeni. Huo mlima wenye theluji, wengi wao hawajawahi kuuona, na mimi sijauona. Nimeuchora kwenye mabucha, nimeuchora kwenye saluni, na mara moja nimeuchora kwenye ukuta wa choo cha kulipia, mwenyewe akisema wateja wapate cha kutazama wakisubiri zamu. Siikatai kazi, ndiyo inayonilisha mimi na mama yangu. Lakini nikipata ukuta ambao hakuna anayenisimamia, au kipande cha plaiwudi kilichobaki kwa seremala, nachora kitu kimoja tu: Kapalamsenga, kwa kina baba yangu, inavyoonekana ukiwa ndani ya ziwa.

Anayefika Kapalamsenga kwa gari huliona ziwa, basi anadhani ameiona Kapalamsenga. Baba yangu aliendesha boti, yeye alikuwa anaona milima. Alikuwa akinikalisha karibu na injini, ananifundisha kutua bila kuuliza mtu. Ule mlima wenye bega, anasema, uache uteremke polepole mpaka ujifiche nyuma ya mkuyu mkubwa. Ukijificha, mbele yako kuna mchanga mtupu. Usipojificha, mbele yako kuna mawe. Kwa hiyo ninavyoijua mimi, Kapalamsenga ni milima ya kijani inayogeuka bluu kadiri inavyokwenda nyuma, chini yake ufito wa mchanga, moshi wa majiko, halafu maji kidogo. Maji yenyewe hayana haja ya kuwa mengi. Umeyakalia.

Shule niliishia darasa la nne. Kuchora nilijifunza kwa mama, na mama hajui kama alinifundisha. Kwao ni Kasekese, na kule wanawake husiliba nyumba zao wenyewe. Udongo mweupe tuliutoa kwenye kingo za mto, mwekundu tuliupata kwenye kichuguu, na mweusi tulivunja betri za redio zilizokufa tukachukua ule unga wa ndani. Wenzetu walichanganya masizi ya sufuria, ni rahisi na hayana gharama. Mama hakutaka masizi yaguse nyumba yake. Nilichora mstari wa milima kuzunguka dirisha nikiwa bado mtoto, akautazama, akasema, "Milima hiyo naijua," akaingia ndani. Hakuufuta. Wala hakuusifia.

Sasa niseme habari ya masizi.

Boti ilikuwa ya baba mkubwa, kaka yake baba, tumbo moja. Jina lake silitaji, lakini kila mtu wa Kapalamsenga akisoma hapa anamjua. Asubuhi hiyo boti ilikuwa inapeleka mahindi na madumu ya mawese Karema. Baba alishapakia, alishafunga kamba. Baba mkubwa akaja na watu wamebeba magunia mengine, ya kwake, akaagiza yawekwe mbele. Mimi nilikuwa nimeshakaa nyuma, niliwaona wawili hao wakizungumza mchangani, baba akitikisa kichwa. Sikusikia walichosema, upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwao. Baba mkubwa akamshika begani, akacheka, magunia yakapanda. Baba akaingia, akawasha injini. Yeye mwenye boti akabaki nchi kavu.

Hatukufika mbali. Wimbi la kwanza liliingia kwa mbele, dogo tu, kama mtu amemwaga beseni. La pili halikuwa dogo. Niliokolewa na dumu la mawese na watu wa mtumbwi waliokuwa wanatega karibu. Kati ya abiria na vibarua, tuliopona tulikuwa wachache. Baba hakuwemo.

Kule kwetu kuna mwiko: sufuria lenye masizi haliingizwi ziwani. Unachota maji kwa ndoo safi, sufuria unaliosha nyumbani, maji machafu unamwaga mbali. Ukilichovya, ziwa linakasirika. Asubuhi ile nilichota maji ya uji kwa sufuria la jikoni, kama walivyokuwa wanafanya watoto wengine wote wazazi wakigeuza mgongo. Baba mkubwa aliniona. Siku ya kuanua matanga, uwanjani kwa kanisa, watu wamejaa, alisimama akasema amelia sana, amemuuliza Mungu, na sasa lazima aseme alichokiona. Akanionyesha kwa kidole. Akasema sufuria. Habari ya magunia hakuigusa.

Watu walimwamini palepale, na mimi siwalaumu sana. Sufuria ni kitu chepesi kukibeba. Kuanzia siku hiyo nikishuka kuoga, wanawake wanapandisha watoto wao juu. Wasichana wa rika langu walikuwa wakiniona wanasema, "Nyie, tokeni, mwenye ziwa lake amekuja." Mama alinichukua tukarudi Kasekese, na baadaye Mpanda, na kule ziwani hatukukanyaga tena, hata kwa msiba.

Watu wa Kapalamsenga ningeweza kuishi nao na maneno yao, wako mbali. Kilichonichoma ni mama. Kila mwaka tukimwombea baba misa, tukitoka kanisani, mama ananishika mkono ananiambia, "Mungu alishakusamehe, mwanangu. Na mimi nilishakusamehe." Kwa upole kabisa. Nilimwambia nikiwa msichana, nikamwambia nikiwa mama wa watoto wangu: mama, boti ilizidishwa mzigo. Ananijibu, "Shemeji yangu hawezi kumuua mdogo wake." Nikawa sina shahidi. Walioshusha magunia mgongoni wameshakufa, au wamehama, au ni wapangaji wa baba mkubwa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama aache kunisamehe kabla hajafa.

Basi, mtoto wa baba mkubwa amefanikiwa kwa biashara ya mpunga, akajenga gesti hapa Mpanda, upande wa stesheni. Gesti safi, ina vigae mpaka kwenye ngazi. Baba yake amezeeka, miguu imevimba, amemleta akae naye, na mzee anashinda kwenye kiti cha mapokezi kama yeye ndiye mlinzi. Huyo ndugu yangu alinifuata mwenyewe.

"Dada, ukuta wote huu ni wako," akasema. "Niwekee nyumbani kwetu. Ziwa. Mzee afurahi, anakumbuka sana."

Nikamwambia nitamwekea.

Nilichora kwa rangi ya mafuta, taratibu, kazi ilinichukua wiki kadhaa. Nilianza na mlima wa bega, nyuma yake ile mingine inayofifia. Mkuyu niliuchora kulia, na mlima ukikaribia kujificha nyuma yake. Ufito wa mchanga, moshi, nyumba za nyasi zilizokuwepo wakati ule, siyo hizi za bati. Mzee alikuwa anatazama mgongo wangu kila siku. Hakuniuliza kitu, nami nilimwamkia, "Shikamoo baba mkubwa," akaitikia, "Marahaba," tukaishia hapo.

Ndugu yangu alipoona milima imefika karibu na dari akaanza wasiwasi.

"Dada, nilisema ziwa. Ziwa liko wapi?"

"Umelikalia."

"Nimelikalia nini? Mimi naona Mpanda tu hapa, milima na majani. Wateja watajuaje kama ni ziwani?"

"Kesho mchana nitaweka maji na boti."

"Boti, sawa," akasema. "Weka boti nzuri."

Niliweka maji, kiasi cha urefu wa mkono kutoka sakafuni, na juu yake boti ya mbao inayotoka ufukweni kwa mshazari kuja kwetu tunaotazama. Niliichora nilivyoikumbuka. Magunia nyuma, madumu katikati, magunia mbele, na ukingo wa mbele umebaki juu ya maji kwa kiganja kimoja. Mtu mmoja kwenye injini. Sura sikumwekea, sura yake nimeshaisahau, hilo nalisema kama lilivyo.

Nilimaliza Jumamosi. Jumapili baada ya misa nilimleta mama. Nilimwambia akaone kwa kina baba. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaketi kwenye kochi lililoelekea ukuta, karibu na shemeji yake, wakaamkiana vizuri na kuulizana habari za viungo. Mama aliitazama milima muda mrefu. Akasema, "Huo ndio mkuyu." Mzee akasema, "Ndio wenyewe. Walishaukata."

Wakati huo walikuwepo wanawake wawili wapangaji, wauza dagaa kutoka Ikola, wanasubiri chai. Mmoja mnene, mcheshi, akasogea ukutani na kikombe chake kitupu.

"Wewe ndiye fundi? Umekaa ziwani wewe. Hii umetoka nayo majini, siyo kwenye picha." Halafu akainama. "Lakini shoga, boti yako imekunywa."

Mwenzake akaja. "Hebu. Ee, hiyo haifiki. Hiyo inakwenda kwa samaki."

"Nani alipakia hivi? Huyu alikuwa anamtaka mke wa nahodha."

Wakacheka. Ndugu yangu naye akacheka, hajui wanacheka nini. Mimi nilikuwa nasafisha brashi kwa mafuta ya taa. Mama hakucheka, alikuwa bado yuko kwenye mkuyu. Mzee ndiye aliyejisogeza mbele kwenye kiti.

"Wewe binti," akaniambia. "Iinue hiyo boti."

"Niinueje, baba mkubwa? Ilishakauka."

"Iinue kidogo. Watu wanaicheka. Si umesikia?"

"Boti haiinuki yenyewe. Nipunguze nini?"

"Punguza magunia."

Alisema kwa ukali, kama bwana mwenye chombo anavyowaambia vibarua. Sidhani kama alijua amesema nini.

Mama akageuza uso kutoka kwenye mkuyu. "Magunia gani, shemeji?"

"Hayo ya mbele."

"Ya mbele yalikuwa ya nani?"

Mzee akamtazama mama, halafu akatazama vigae. Ndugu yangu akasema, "Mama mdogo, ni mchoro tu huo," lakini mama hakumwangalia. Wale wanawake wa dagaa wakageuka. Watu wa ziwani wanajua swali la mzigo ni swali la aina gani.

"Yalikuwa yangu," mzee akasema. "Yalikuwa yanaharibika. Mvua ilikuwa imeyapata."

"Na mume wangu alisemaje?"

"Aliyakataa."

"Aliyakataa."

"Aliyakataa, nikamwambia ziwa limelala, atarudi jioni. Wewe ulitaka nifanye nini? Mahindi yalikuwa yanaota."

Yule mnene akaweka kikombe chini polepole, akamvuta mwenzake wakatoka bila chai. Mzee akaendelea kusema ya mahindi, jinsi yalivyokuwa yamelowa, jinsi mwaka ule ulivyokuwa mbaya, mpaka maneno yakamwishia. Habari ya sufuria hakuitaja, na hakuna aliyemuuliza. Mimi nilifunga makopo yangu.

Nyumbani tulirudi kwa mguu, si mbali. Mama anatembea na fimbo, alikuwa anasimama kila baada ya nyumba chache. Tulipofika kwenye reli akaniambia, "Miaka yote nimekuwa nakusamehe."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia ninyamaze."

"Nilikuambia."

Akavuka reli, akasimama tena upande wa pili. "Nilikuwa sina pengine pa kuliweka kosa," akasema. "Yule ni shemeji, ndiye aliyenishika mkono siku ya mazishi. Wewe ulikuwa mtoto wangu, nikaona wewe utabeba." Alisema kweli, nilibeba. Mtu akitaka nilie hapo, atanisamehe, sikulia. Niliangalia njia asije akajikwaa kwenye kokoto.

Misa ya mwaka huu ilipofika tulitoka kanisani akazungumza habari ya bei ya mkaa mpaka nyumbani. Ilinitosha.

Ndugu yangu amenifuata mara mbili. Anasema wapangaji wanaotoka ziwani wakifika mapokezi macho yanakwenda kwenye ile boti, wanaulizana, na sasa habari imeshafika Ikola na Karema kwamba kwa bwana fulani kuna boti inazama ukutani. Anasema mzee amekataa kukaa mapokezi, anashinda chumbani. Anataka niiinue.

"Dada, sisi ni damu moja. Mzee ameshasema, si ameshasema? Unataka nini tena?"

Nikamwambia ameyasema Mpanda, kwenye gesti, mbele ya wauza dagaa wawili na mama yangu. Yale mengine aliyasema Kapalamsenga, uwanjani kwa kanisa, mbele ya kijiji kizima. Ampakie mzee kwenye gari ampeleke pale pale, asimame kama alivyosimama, aseme magunia. Siku hiyo mimi mwenyewe nitabeba rangi zangu bila kuitwa, nitayatoa magunia ya mbele moja moja, na boti itapanda.

Akasema mzee ana miguu mibovu.

Nikasema atakaa kwenye kiti, watu watamsikia.

Akasema basi atamwita fundi mwingine. Alimwita kweli, kijana mmoja hodari wa twiga. Kijana akafika, akaitazama boti, akauliza maana yake kwa mhudumu, akaambiwa. Akasema yeye ukuta wa namna hiyo hauwekei brashi, kwao ni Ikola. Siku hizi wamesogeza kabati la soda mbele ya maji. Linaficha nyuma ya boti na yule mtu wa injini. Mbele, palipo na magunia, kabati halikufika.