Mlango wa Stoo

Siku moja ya ujana wangu haijanitoka, mwanangu, na miaka hii ya karibuni ningependa inipumzishe kidogo. Lakini kila mwaka mnakuja hapa kwangu Morotonga, ninyi wa kidato cha nne, shikamoo Mwalimu Bhoke, kila mmoja ameshika riwaya ile ile ya mapinduzi. Mnataka dhamira. Mnataka sifa za wahusika. Nawapa, mnaandika, mnaondoka. Wewe jana uliniuliza jambo jingine: mkiamua kumtoa mkuu wenu wa shule kwa nguvu, mtakuwa mmekosea? Sikukujibu. Miguu ilikuwa inaniuma, na swali lako lilihitaji mtu aliyelala vizuri. Kaa basi.

Mimi nilisoma shule ya bweni, nje kidogo ya mji wa Tarime. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliitwa Saida, Mwislamu wa Pangani, serikali ilimleta kwenye baridi yetu akawa anafundisha amejifunika shuka juu ya mtandio. Ndiye aliyetusomea riwaya hiyo kwa sauti. Unaijua: vibarua wa mashamba wanachoka, kiongozi wao anawaongoza mpaka ikulu, kisha yeye mwenyewe anamfunga rafiki yake wa zamani kwa sababu alimkumbusha ahadi ya ardhi. Tulimpenda kiongozi yule hata baada ya kumfunga rafiki. Wavulana walitembea kama yeye. Mimi nilizishika hotuba zake zote kichwani.

Siku moja Mwalimu Saida akafunga kitabu, akauliza, "Siku walipoingia ikulu, mlinzi wa lango aliuawa. Aliitwa nani?"

Tukaanza kufunua kurasa.

"Bunduki ya kiongozi mnalijua jina lake," akasema. "Mlinzi anaitwa Kibwe. Mwandishi amempa jina makusudi. Msome tena."

Nikadhani ni swali la mtihani, nikaliandika pembeni.

Basi muhula ule njaa iliingia shuleni. Mahindi wazazi walileta, tena mengi, lakini pikapu ya mkuu wa shule ilikuwa ikiegeshwa stoo na kuondoka imelemewa na mzigo. Sisi tulikula makande yenye wadudu. Msichana mmoja wa kidato cha pili alianguka mstarini, akapelekwa hospitali, akalazwa. Tukakutana uwanjani, na mimi nikapanda juu ya benchi nikasema. Nilijua kusema, mwanangu. Maneno mengi nilikuwa nimeyatoa kitabuni. Nilipomaliza, shule nzima ilinifuata kuelekea stoo, jua likiwa la mchana.

Mkuu wa shule hakuwepo, alikuwa amekwenda Musoma. Tulimkuta Mzee Kisiri, mtunza stoo, mtu mwembamba mwenye kikohozi. Alipotuona alikimbilia ndani. Werema, kijana aliyekuwa mkono wangu wa kulia, akaukomea mlango kwa nje, kisha akatuma wenzake jikoni wakarudi na dumu la mafuta ya taa.

"Huyu ndiye anayefungua mlango!" akapaza sauti. "Huyu ndiye anayepakia!"

Na ilikuwa kweli. Alikuwa anapakia, tulimwona kwa macho yetu. Lakini nilimsikia ndani akikohoa, halafu akamwita mkewe kwa jina, kama mtu aliyepotea porini. Sijui miguu yangu ilifikaje. Nilijikuta nimeegemea mlango ule kwa mgongo.

"Bhoke, toka hapo," Werema akasema.

"Sitoki."

"Wewe ndiye uliyetuleta!"

"Ni mimi. Na ni mimi ninayewarudisha."

"Amenunuliwa!" mtu akapiga kelele nyuma, na jiwe likanipata hapa juu ya jicho. Kovu hili mnaloniuliza kila mwaka, ndilo hilo. Damu ilinijaa jichoni, nikawa namwona Werema kwa jicho moja.

"Anaitwa Kisiri," nikawaambia. "Kila mmoja aseme jina lake kwanza. Halafu washeni, mtuwashe wote wawili."

Msichana mmoja akaanza kulia, wa pili akafuata. Werema akaliweka lile dumu chini. Walimu walipofika mbio, sisi tulikuwa tumekaa kwenye majani kama watu waliotoka kulima.

Mambo ya chakula yalirekebishwa, hilo sikatai. Mkuu wa shule alihamishwa. Lakini kikao cha nidhamu kilitaka kiongozi wa fujo, na benchi nilipanda mimi. Mzee Kisiri alipoulizwa alisema alikuwa ndani, hakuona nani alisimama mlangoni. Ni kweli, hakuona. Wenzangu waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja akasema alifuata tu. Mimi nikafukuzwa, wao wakafanya mtihani wa kidato cha nne.

Nikarudi kwetu, upande wa Ikoma, tulikokuwa tumehamia kulima. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, hakunipiga. Alisema, "Chakula kipo, jembe lipo," akaenda zake shambani. Mimi nikakaa na hasira yangu. Kila aliyepita nilimweleza habari za stoo. Nilikuwa nasikiliza barabarani, nikimngoja Kisiri aje na mkewe kunishukuru, nikimngoja Werema. Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Watu wakaanza kuja kwa Tata kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari na kuniangalia mimi, nami sikukataa wala sikukubali. Nilijiona mtu ambaye hadithi yake imeshamalizika.

Ndipo akaja Mwalimu Saida. Alipanda lori mpaka Mugumu, na huko kwetu akafika kwa miguu, viatu mkononi. Akala ugali wetu, akanisikiliza mwanzo hadi mwisho, jiwe na damu na kikao. Nilipomaliza nilitegemea anikumbatie.

"Bhoke," akasema, "ulifanya jambo jema mchana mmoja. Siku zote hizi zilizofuata, umezifanyia nini?"

"Walinitupa, mwalimu."

"Walikutupa. Ni dhuluma, na huenda usiombwe radhi mpaka unaingia kaburini. Kwenye kitabu mtu akishakuwa shujaa, mwandishi anafunga ukurasa. Wewe kesho utaamka. Unamngoja nani?"

Nililia kwa hasira kwanza, kilio kingine kikaja baadaye. Akasema naweza kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwake Tarime kuna kitanda. Tata alikuwa nje akinoa panga, nasi tukadhani hasikii. Akasema kupitia mlangoni, "Ataenda."

Nikaenda. Nikafaulu, nikawa mwalimu, nikaifundisha riwaya hiyo hiyo mpaka nikastaafu. Kisiri alikufa, nilisikia kwa abiria mwenzangu ndani ya basi. Werema nilikutana naye sokoni Tarime, mtu mzima mwenye cheo, akacheka, "Ah, Bhoke, tulikuwa watoto," akanionyesha picha za wajukuu. Nami nikacheka. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya lile jiwe.

Sasa sikiliza jibu lako, maana sitalirudia. Mkiibiwa chakula, semeni. Semeni mchana, wengi pamoja, kwa wazazi na kwa bodi, na msichoke kusema hata mkipuuzwa. Lakini hasira ikishatoka nje hutafuta mtu wa karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mnyonge kama ninyi. Mwangalieni vizuri kabla hamjamgusa. Na mwenzenu akiitwa ofisini kwa niaba yenu, ingieni naye wote, mlango ujae. Hili ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba hata mmoja hakuingia nami. Na kama ni wewe utakayeachwa peke yako, mwanangu, usikae barabarani kungoja shukrani. Lia, unawe uso, urudi kwenye kazi yako.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka na moyo usiokauka. Akupe marafiki wa kuingia nawe popote utakapoitwa, na uzee mwepesi kuliko huu wangu. Haya, nenda salama. Mimi nijinyooshe kidogo.