Kijiti cha Mkaratusi

Gachanja, mwenye gereji nyuma ya soko la Kitale, alikuwa fundi hodari, na hilo hata waliomchukia hawakulikana. Kwa miaka kumi na saba alilala chali chini ya magari ya watu, na aliweza kuutambua ugonjwa wa injini kutoka ng'ambo ya barabara kabla dereva hajazima. Ila alikuwa na kasoro moja: neno "sijui" halikuwahi kumtoka mdomoni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na gereji ya kulinda.

Mwaka wa 1987 aliletewa lori la shirika la wakulima wa Cheptais, lile kuukuu la Kimarekani lililoachwa na mmisionari mmoja aliporudi kwao. Halikuwa na klachi. Gia zilijibadilisha zenyewe, na huko mlimani aliyelielewa alikuwa mtu mmoja tu, dereva Kipkoech, aliyefundishwa na mmisionari mwenyewe. Kwa miaka tisa Kipkoech alishusha viazi na vitunguu hadi Bungoma bila kuangusha gunia. Alivaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na watoto wa Cheptais walimkimbilia wakiliona koti hilo kwa mbali.

Siku hiyo lori halikuwa na ubaya mkubwa, injini ilitetemeka tu likisimama. Gachanja alifungua boneti, akasikia hewa ikifyonzwa, akaona mpira mwembamba uliopasuka. Ulitoka nyuma ya injini ukashuka chini, na hakujua unakwenda wapi. Akauchomoa kwenye injini, akauacha ukining'inia, akachonga kijiti cha mkaratusi kwa kisu chake, akaziba nacho lile tundu la injini. Mtetemo ukaisha papo hapo. Kipkoech aliuliza kama mpira ule hauna kazi. Gachanja akacheka, akamwambia wazungu hupenda mapambo.

Wiki haikuisha kabla lori halijarudi. Sasa gia zilichelewa kubadilika, na zikiingia zilikuja kwa kishindo hadi magunia yakaruka huko nyuma.

"Fundi, si kukukosea heshima," Kipkoech alisema, "lakini hii gari imeanza kupiga teke tangu ushike injini."

Gachanja alikasirika. Alimweleza kwamba injini ni injini na giaboksi ni giaboksi, na kwamba anayetibiwa jicho halalamiki kuumwa goti. Kisha akatafuta kila mahali isipokuwa pale alipopitisha mkono wake mwenyewe. Nyani haoni kundule. Alipima oili ya giaboksi, akaikuta nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Hiyo peke yake ingemwambia fundi mtulivu kwamba matumbo ya giaboksi ni mazima na ugonjwa uko nje. Yeye aliimwaga akatia nyingine. Akafungua chini, akaosha chujio, hakukuta hata unga wa chuma. Akarudisha kila kitu na kuliendesha hadi Kiminini na kurudi, na lori likampiga mateke yale yale njia nzima.

Kamati ya shirika ikamwita Cheptais. Walikuwa watu kumi na wawili, mwenyekiti wao Rotich akiwa katikati, na Kipkoech amesimama mlangoni na kofia mkononi. Rotich aliuliza swali moja tu, kama ubaya ni wa gari au ni wa dereva. Neno moja dogo lingemwokoa kila mtu mle chumbani. Gachanja alilisikia likimpanda kooni, akalimeza.

"Ni mguu wa dereva," alisema. "Ni mzito. Gari kama hii haitaki mguu mzito."

Kipkoech aliweka funguo mezani, akamtazama Gachanja kidogo, akatoka. Lori likapewa mpwa wa Rotich.

Mpwa naye akapigwa teke. Miezi miwili baadaye alilirudisha Kitale akisugua shingo. Gachanja aliingia chini ya lori, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mtu wa kumlaumu. Ubavuni mwa giaboksi aliona kikopo kidogo cha chuma, na kwenye kikopo hicho mpira mwembamba uliokuwa ukining'inia bila kushikwa na kitu. Aliufuata kwa vidole, juu, polepole, mpaka nyuma ya injini. Hapo vidole vikagusa kijiti. Aliijua ile mikato ya kisu chake hata kabla ya kuiona.

Kumbe giaboksi ilivuta habari za injini kupitia mpira ule, na bila mpira ilidhani daima kwamba lori linapanda mlima na mzigo wote. Gachanja akaweka mpira mpya. Kazi ya robo saa. Gia zikaingia taratibu, na Chepkemei, muuza vitunguu aliyepanda lori hilo kila Jumatatu, akasema amelala usingizi mpaka Bungoma.

Rotich alikuja mwenyewe kumshika mkono. "Ulituambia ukweli, fundi," alisema. "Tulimtoa yule, ukatengeneza alichoharibu na mguu wake, na gari ikapona." Gachanja alifungua mdomo. Kijiti kilikuwa mfukoni mwake. Akafunga mdomo, akajichukia, na bado hakuufungua.

Mwaka wa 1990 alikwenda Bungoma kununua spea. Aliposhuka basi alikalia baiskeli ya kwanza ya abiria iliyosogea, bila kumtazama mwenye baiskeli. Walikuwa wameshavuka reli alipolitambua koti la kaki mbele yake, limebaki na vifungo viwili. Kipkoech alikuwa akikanyaga pedali, anahema, na jasho limemlowesha mgongo. Gachanja alimwambia yote akiwa nyuma ya mgongo ule: mpira, kijiti, lori kupona. Kama wangekuwa uso kwa uso asingeweza.

Kipkoech akasimamisha baiskeli, akatia mguu chini.

"Si nilikuambia, fundi?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Huko nyumbani wananiita Mguu Mzito. Mtoto wangu shuleni, Mguu Mzito. Sitaki kitu yako yoyote. Ulisema mbele ya watu kumi na wawili. Njoo Cheptais Jumapili, baada ya kanisa, useme mbele ya hao hao."

Gachanja akaapa kwamba atakuja.

Jumapili alivaa suti, akatia kijiti mfukoni, akafika stendi mapema. Pale akakutana na mteja wake wa zamani, aliyemshika bega mbele ya watu na kumtambulisha kuwa fundi asiyekosea, kisha akauliza anakwenda wapi. Gachanja akasema ametoka kunyoosha miguu. Basi la Kimilili, la kumfikisha njia ya Cheptais, likaondoka. Akarudi nyumbani, akavua suti.

Alhamisi Chepkemei alipita gereji na vitunguu, kama kawaida yake. Gachanja alikuwa chini ya gari la mtu, na alimsikia akiwasimulia mafundi huku akicheka.

"Sijui Kipkoech ameingiliwa na nini. Jumapili alikusanya kamati yote, hata Rotich, ati kuna mtu anakuja kusema kitu. Akavaa ile koti yake, ameshona vifungo zote. Bibi na watoto na nguo za kanisa. Kiti ya mgeni wameweka mbele. Tulingoja mpaka mvua ikatutoa."

"Na huyo mtu ni nani?" Gachanja aliuliza kutoka chini ya gari.

"Alikataa kumtaja. Alisema atajitaja mwenyewe."

Gachanja akanyoosha mkono nje, akaomba apewe spana namba kumi na tatu.