Mwana wa Mfalme Aliyetoka Bredäng

Harufu ya sabuni ya unga iliyochanganyika na vumbi la nguo lililopashwa moto hunirudisha mpaka leo katika ghorofa ya chini kabisa ya jengo letu la Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, kwenye chumba cha kufulia ambacho wapangaji wote walikitumia kwa zamu. Mashine zilinguruma kama watu wazima wanaokoroma, kabati refu la kukaushia lilipuliza hewa ya joto, na ukutani kulikuwa na ubao ambapo kila familia ilifunga kikufuli chake kwenye saa iliyoitaka. Majirani zetu Waswidi waliiheshimu zamu ya kufua kuliko watu wengine wanavyoiheshimu ibada. Bibi mmoja wa ghorofa ya tatu aliwahi kutusimamisha kwenye lifti akatuhubiria juu ya nyuzi tulizoziacha kwenye kichujio. Nje kulikuwa na majira ya baridi, na jua lilichomoza kwa kusitasita, likatazama kidogo, likaondoka bila kuaga. Ndani ya chumba kile, tukiwa tumekalia mashuka yaliyokuwa bado na moto, mimi na mdogo wangu Idi tulisomewa habari za wafalme wa Uingereza.

Msomaji wetu alikuwa Solange, binti wa jirani zetu kutoka Bukavu, aliyenizidi umri kidogo na kunizidi ujasiri sana. Mama yake mdogo aliishi Brussels na alikuwa akimtumia vitabu vya katuni za Kijapani vilivyotafsiriwa kwa Kifaransa, lugha ambayo sisi hatukuijua hata neno. Mchoraji alikuwa amezichukua tamthilia za kale za Waingereza kuhusu wafalme wao wa enzi za kati, akazifumua, akazishona upya kwa namna aliyoitaka mwenyewe: koo mbili zinazogombea kiti kimoja, moja ikibeba waridi jeupe na nyingine waridi jekundu, vijana wembamba wenye macho makubwa wanaolia huku wanauana, na petali zinazodondoka hata mahali pasipo na ua. Kurasa zilifunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, na Idi, aliyekuwa anasoma Kurani Jumamosi, aliliona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa. Solange alitutafsiria papo hapo kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "watoto" ni "batoto" na "ndiye" ni "njo", na mpaka leo, wafalme wa Uingereza wanapozungumza kichwani mwangu, huzungumza kwa lafudhi ya Bukavu.

Baba alikuwa amefariki vuli ile. Alikuwa ametoka Tanga akiwa kijana kuja kusomea utengenezaji wa karatasi, akabaki, na tukamzika Stockholm katika ardhi iliyoanza kuwa ngumu. Wahenga walisema yatima hadeki, na kwa kweli hatukudeka. Mama alirudi kwenye kazi yake ya kuwahudumia wazee kabla machozi hayajamkauka, nasi tukajifunza kupasha chakula na kunyamaza. Kisha akaja Baba Mdogo Hamza kutoka bandari ya Gothenburg. Alikuwa mdogo wake Baba wa kufuatana, fundi wa mitambo ya meli, mnene, mcheshi, mwenye kicheko kilichofika kabla yake. Alikuja, kama ilivyo desturi yetu, kusimama mahali pa kaka yake. Alikaa kwenye kiti cha Baba pale mezani kwa sababu kilikuwa ndicho kiti kilichobaki wazi, na hakuna mtu mzima aliyeliona jambo hilo. Idi aliliona.

Wiki hiyohiyo, chini kwenye chumba cha kufulia, mfalme wa waridi jeupe alifariki kitabuni. Nakumbuka ukurasa ule: kitanda kikubwa, mishumaa, na wavulana wawili wamesimama mlangoni wakiwa na nguo zinazowazidi.

"Mufalme amekufa," Solange alisema, akiweka kidole juu ya picha. "Batoto yake bado badogo. Sasa ule ndugu yake njo atabachungia kiti."

"Ndugu yake nani?" Idi aliuliza kwa Kiswidi.

"Wa mufalme. Baba yabo mudogo."

"Kama wetu?"

Solange aliitazama picha ya mtu yule mwembamba, aliyepinda bega, mwenye nywele nyeusi zilizomfunika jicho moja. "Kama wenu," alisema, "ila wenu anapenda kula."

Tulicheka, lakini Idi aliendelea kuitazama picha. Kurasa chache mbele, baba mdogo yule, mkono wake juu ya kichwa cha mmoja wao, aliwapeleka wana wa mfalme kwenye mnara ili walindwe, kisha akavaa taji yeye. Mchoraji hakuchora kifo chao. Alichora dirisha, kisha kitanda chenye mashuka yaliyokunjamana, kisha kurasa mbili nzima nyeusi zisizo na neno. Idi alimwomba Solange asome kilichoandikwa pale. Solange alimwambia hakuna kitu. Idi akasema hapana, lazima kipo, ni wewe tu hujui Kifaransa vizuri.

Jioni moja tulikuwa mezani, Baba Mdogo akimenya yai, na Idi akamuuliza kwa sauti ya upole, kama mtu anayeuliza saa, kama sasa yeye ndiye mfalme. Baba Mdogo alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Mfalme wa wapi, mwanangu? Wa Bredäng? Mfalme gani anakanyagwa vidole kwenye treni, tena akiwa na gunia la viazi begani?" Mama naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nyumba ikawa nyumba tena kwa muda mfupi. Kisha Idi akauliza, "Na mimi utanipeleka wapi?"

Kicheko kilikatika. Baba Mdogo alimtazama Mama, Mama akalitazama yai. "Shemeji, umemwambia?" Baba Mdogo aliuliza kwa sauti ya chini. Mama akatikisa kichwa. Hivyo ndivyo tulivyopata habari. Idi hakuwa amejua lolote. Alikuwa ameuliza jambo la kitabuni, na watu wazima wakajibu jambo la nyumbani. Walikuwa wamekwisha kubaliana. Baba Mdogo alikuwa anarejea Tanga moja kwa moja, na angemchukua Idi akakae naye nyumbani kwa Bibi, asome, ajue ndugu zake, asikue akijibu Kiswahili kwa Kiswidi. Mimi ningebaki kumsaidia Mama. "Mtoto wa marehemu ni amana," Baba Mdogo alisema, na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Idi. "Ni miaka miwili tu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Kwao lilikuwa jambo la upendo na la busara, na leo ninaweza kukiri kwamba lilikuwa hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeiona picha ya mkono juu ya kichwa cha mtoto, na nilijua ukurasa unaofuata.

Siku zilizobaki zilikuwa na uzito wa ajabu. Idi hakulia wala kugoma. Alikuwa mpole mno, kama mtu aliyekwisha kusoma mwisho. Nilimfuata kila alikokwenda. Nilikaa nje ya choo nikimsubiri. Nilimwambia Mama kwamba Baba Mdogo atamuua, na Mama, aliyekuwa anapasi shati la Idi, aliigeuza kola, kisha akasema, "Mwanangu, hakuna anayekufa. Anakwenda kwa bibi yake." Kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda, Baba Mdogo alimshika Idi mkono wakapita upande ule tusioruhusiwa kufika. Niliiona migongo yao, mmoja mpana na mmoja mdogo, mpaka watu wengine wakaziba. Nyumbani kitanda chake kilikuwa vilevile alivyokiacha, mashuka yamekunjamana, na dirisha juu yake. Nilikaa mlangoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kurasa zile zilikuwa nyeusi.

Hakuuawa, bila shaka. Baba Mdogo alimlea kama mboni ya jicho lake. Lakini miaka miwili ilizaa mingine, kama ilivyo kawaida ya miaka ya namna hiyo, na kwenye simu nilimsikia ndugu yangu akitoweka kidogo kidogo. Kwanza Kiswidi chake kilianza kukwama, kisha kikaisha. Sauti ikawa nzito. Utani wetu alikuwa haukumbuki, akicheka kwa adabu tu. Majira ya baridi nilisikia mara kwa mara lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu, na miguu ya mtoto ikikimbia kwenye korido. Nikifungua mlango, nakuta taa zinazowaka zenyewe na hakuna mtu. Kabla familia ya Solange haijahamia Norsborg, alinisomea juzuu ya mwisho aliyokuwa nayo. Miaka imepita, na kijana mmoja anashuka pwani akidai kwamba yeye ndiye mwana wa mfalme, kwamba hakufa. Dada yake, sasa malkia, anaitwa aje kumtazama. Ukurasa mzima ni macho yake. "Na anasema nini?" niliuliza. Solange aligeuza kitabu nyuma na mbele. "Inaishia pale," alisema. "Ingine, Brussels hawajatuma." Haikutumwa kamwe.

Chuo kikuu nilisoma historia, na nikajifunza kwamba hata wanazuoni hawakubaliani wavulana wale walipotelea wapi. Nilikuwa mwanafunzi bado Idi aliporudi. Nilisimama Arlanda nimevaa koti jeusi, na kijana mrefu mwenye dalili za masharubu akanijia, akainama kidogo, akasema kwa Kiswahili safi cha Tanga, "Shikamoo dada." Nikajibu marahaba. Nikamkumbatia, na juu ya bega lake nikaendelea kuwatazama abiria waliokuwa wakitoka.

Leo Idi ni fundi umeme, anakaa Hässelby na mke wake na watoto wanaomjibu kwa Kiswidi, lugha aliyoipata upya kwa jasho. Baba Mdogo amezeeka Tanga, na kila Ijumaa wanazungumza kwa simu kama baba na mwana, kwa kuwa ndivyo walivyo. Katuni za namna ile sasa zimejaa rafu za maktaba zote mjini, na binti yake Idi huzisoma kwenye simu, akipeleka kidole kulia bila hata kufikiri. Jumapili moja msimu huu aliniuliza baba yake alikuwaje akiwa mdogo. Nikamsimulia: mkaidi, mcheshi, asiyekubali kwamba ukurasa mweusi hauna maneno. Nilisimulia vizuri, labda vizuri mno, maana nilipoinua macho nilimkuta Idi amesimama na sufuria mkononi, ananitazama kama mtu anayesikiliza habari za marehemu.

Tulipobaki wawili alisema, "Dada, huyo mtoto unayemsimulia, mimi simjui. Lakini nitakwambia jambo. Siku ile niliporudi, pale uwanja wa ndege, nilikuwa namtafuta msichana mmoja mwembamba, aliyekuwa ananisubiri mpaka nje ya choo. Nilimtafuta sana. Badala yake alikuwepo mama mmoja wa koti jeusi, analia. Nikamwamkia, kwa sababu Baba Mdogo alinifundisha kumwamkia kila mtu mzima nisiyemjua."

Nilimuuliza kama aliwahi kumpata. Alifikiri kidogo, kwa uaminifu, kama anavyofikiri kabla ya kukata waya. "Bado," alisema, kisha akawaita watoto waje kula.