Sikio na Sanduku Lililo Chini ya Meza Yangu

Mume wa mdogo wangu tunamwita Sikio, na si kwa sababu ya ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakubaniwa. Ni mtu wa kusikiliza mitambo. Alianza kwa kutengeneza redio, akajifundisha kompyuta kwa vitabu vya kuazima, na mpaka leo akifika nyumbani kwa mtu husimama kwanza mlangoni, kichwa upande. "Friji yenu inakohoa," atasema, hata salamu hajatoa. Mimi shemeji yake nimeshamzoea. Wageni humwona hamnazo.

Nyumbani kwake kuna daftari. Kila kinachotokea huandikwa humo pamoja na saa yake: bomba la bafuni limeachwa wazi, saa moja na dakika kumi, birika limechemka, hakuna aliyeliepua. Siku moja mdogo wangu alipandwa na hasira akaandika humo, "Mke amechoka kuandikwa." Sikio alisoma, akachukua kalamu, akaongeza saa.

Tunafanya kazi pamoja kwenye maabara ya hospitali. Mimi niko mapokezi, napokea chupa za damu na kuziingiza kwenye kompyuta. Yeye ndiye fundi wa kompyuta zote. Wapimaji wakimaliza, programu yetu hupeleka majibu wodini. Mwaka jana jibu moja la dharura lilikwama humo nusu siku bila mtu kujua, daktari akaja kutufokea mbele ya foleni nzima. Mgonjwa alipona, lakini Sikio hakula siku hiyo.

"Programu ilijua kuwa imekwama," aliniambia. "Haikuwa na wa kumwambia."

Basi akaenda kumtafuta wa kuambiwa. Alichukua programu huria, zile ambazo watu huzitengeneza na kuziacha wazi. Unazichukua bure, unazifungua, unaona matumbo yake na kuzirekebisha utakavyo. Akaziweka kwenye kompyuta moja kuukuu, akaisukuma chini ya meza yangu, maana ndiko kulikobaki soketi ya umeme. Tangu hapo kila tukio la programu ya maabara likawa linahifadhiwa kwenye sanduku hilo: sampuli imepokelewa, imepimwa, jibu limethibitishwa, limetumwa. Na kukitokea lisilo la kawaida, kengele inalia. Kengele yenyewe aliitundika juu ya kichwa changu.

Jamani, ile kengele! Nikikosea nywila, inalia. Printa ikiishiwa karatasi, inalia. Daktari akifungua jibu lile lile mara mbili, inalia, utadhani kuna wizi. Sikio alikuwa ameiagiza ishtukie kila kitu, kama anavyoshtuka yeye. Siku ya nne mkuu wa maabara akatoka ofisini. Mama huyu tunamwita Bi Hadubini, maana akikutazama unahisi anakuona hadi chembechembe.

"Nakupa wiki moja," alimwambia Sikio. "Ikilia bure tena, hata mara moja, sanduku lako linakwenda stoo."

Miezi minne alikuwa amelihangaikia sanduku lile. Akaketi, akazifuta kanuni za kengele moja moja, akabakiza chache, kubwa yao ikiwa hii: jibu la dharura likithibitishwa na lisitumwe ndani ya dakika kumi, lia. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Kufikia Alhamisi maskini wa Mungu alikuwa amekonda shingo.

Ijumaa asubuhi alikwenda wodini kutengeneza printa. Mapokezi kulikuwa kumejaa, na Bi Hadubini alikuwa akipita huku na huko, jicho kwenye kengele. Nikakosea nywila mara moja, nikakosea mara ya pili. Sikio alishanihakikishia kwamba kwa kosa hilo hailii tena, lakini ni nani wa kuamini? Nikamwonea huruma shemeji yangu. Nikanyoosha mguu chini ya meza, nikachomoa waya wa umeme kwa kidole gumba, na sanduku likazimika. Sasa lia tukuone, nilisema moyoni, nikajiona mtu mwema kabisa.

Hazikupita dakika ishirini, simu ya mapokezi ikaita. Alikuwa mdogo wangu, anapiga kutoka kazini kwake.

"Dada, hilo dude la mume wangu limekufa?"

"Dude gani?"

"Mie nitajuaje? Simu yangu inapiga makelele, eti sanduku halijibu. Kaweka namba yangu kwa sababu simu yake haikai na chaji. Hebu angalia huko, watu wananishangaa!"

Kumbe Sikio hakuliamini hata sanduku lake mwenyewe. Alikuwa ameweka kwenye kompyuta kuu kijiprogramu cha kuliuliza kila dakika tano: upo? Likinyamaza mara tatu, mkewe anaambiwa. Nikarudisha waya haraka haraka. Sanduku likaamka, likasoma matukio yote yaliyokuwa yakilisubiri, kisha kengele ikalia.

Bi Hadubini akageuka. "Imelia bure."

Wakati huo Sikio alikuwa anaingia mbio, bisibisi mkononi. Akainamia skrini. "Haijalia bure, mama. Jibu la dharura, wodi ya wazazi. Limethibitishwa saa tatu na dakika tano, na mpaka sasa halijatoka."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Bi Hadubini alilichapisha jibu akakimbia nalo mwenyewe, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akikimbia. Alirudi anahema. Daktari alikuwa akisubiri kundi la damu la mama aliyejifungua; damu imeshapelekwa, mama yuko salama. Kisha akamgeukia Sikio.

"Ulisema dakika kumi. Hizi ni ishirini na tano. Kengele ya kuchelewa ni ya nini?"

Sikio aliinamia tena skrini, akizitafuta dakika zilizopotea. Miezi minne yote ilikuwa inaelekea stoo, na aliyeisukuma huko ni mimi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Ni mimi," nikasema. "Nilichomoa waya. Niliogopa itamwaibisha."

Bi Hadubini alinitazama hadi chembechembe. "Sanduku linabaki," alisema. "Ninayefikiria kumpeleka stoo ni wewe."

Jioni Sikio aliketi kuandika maelezo, maana kila kengele lazima iandikiwe chanzo chake, na kilichohifadhiwa kwenye sanduku lile yeye hakifuti hata umlilie. Nami nilimlilia. Nilisimama pembeni yake nikimsihi aandike kwamba waya ulilegea. Yeye akaendelea kubofya.

Jumatatu karatasi ilikuwa imebandikwa ubaoni, wote wanasoma: saa sanduku lilipozimika, saa lilipowaka, saa kengele ilipolia. Chini kabisa ameandika, "Chanzo: shemeji alinihurumia. Hatua iliyochukuliwa: amesamehewa, saa kumi na dakika mbili."

Ijumaa ile, saa kumi na dakika mbili, nilikuwa bado nimesimama pembeni yake, namsihi.