Mizinga Isiyo na Lokesheni

Tulikuwa tumeshazunguka mtaa wa Mshangano mara mbili dereva wa bodaboda aliponiuliza kwa nini huyo mama mfuga nyuki niliyekuja kumtembelea hakunitumia lokesheni kama watu wengine. Nikamwambia amekataa.

"Basi huyo anajificha," akacheka.

Nimepotea katika miji mingi ambayo lugha zake sizijui. Songea ulikuwa wa kwanza kunipoteza kwa makusudi.

Tulimpata nyumbani kwake kwa kuulizauliza njiani. Nilimpa shikamoo, naye Benigna akanionyesha mzinga wa gome ulioungua upande mmoja.

Wafugaji nyuki wa huko hawaulizani mizinga iko wapi. Wanaulizana kama nyuki hawajambo. Lakini kikundi chao kilijiunga na mtandao wa kijamii usiomilikiwa na kampuni yoyote. Kila kikundi kina seva yake, kompyuta inayotunza picha na ujumbe wao, na programu iko wazi kwa yeyote kuikagua. Seva yao inakaa kwa Romanus, mtoto wa kaka yake Benigna, fundi kompyuta mjini.

Benigna akarusha picha ya asali akiwa bado porini. Picha ikabeba na mahali ilipopigwa. Wageni wakaja, wakalina yote, mizinga mingine wakaichoma. Romanus aliifuta ile picha, lakini seva za vikundi vingine zilikuwa zimeshainakili, na huko hana amri.

Sasa kikundi kinataka kila mwanachama awashe lokesheni akiwa mizingani, wanunuzi waone asali inakotoka. Asiyewasha atafute soko lake. Benigna alisimama mkutanoni akakataa. Romanus akambembeleza: "Shangazi, huku hakuna kampuni ya kutuchunguza."

"Walionichomea mizinga hawakuwa kampuni," akamjibu. "Programu yenu iwe wazi mpaka chini. Mimi siyo programu."

Nilimwomba nimfuate alikohamishia mizinga iliyobaki. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza asichopaswa kuuliza, na kweli nilikuwa nimeuliza. Akawasha lokesheni ya simu yake, akaniwekea mkononi, akachukua ndoo na bomba la kufukizia nyuki moshi.

"Walitaka lokesheni, hiyo hapo. Wewe kaa nayo."

Akapita nyuma ya mihogo nisione ameshika njia ipi. Nilibaki kwenye kigoda chake. Baadaye simu ikalia. Romanus alikuwa ameandika: Shangazi, mbona ramani inaonyesha uko nyumbani?