Fundo la Nyanya Kwenye Waya wa Antena

Juzi nilikuwa Muyeye, kule pwani, katika nyumba ya marehemu nyanya ambamo sasa anakaa mama, kumsubiri fundi wa kufunga televisheni mpya. Alipanda juu ya paa, akang'oa mlingoti wa antena ulioliwa na kutu ya bahari, akauvuta waya mweusi uliokuwa ukining'inia ukutani miaka yote hiyo, akautupa uani. "Mama, hii ni taka tu," akaniambia kutoka juu. Nikauokota hata kabla hajashuka ngazi. Katikati ya waya ule kuna fundo nene kama kidole gumba, limezungushiwa mpira wa baiskeli. Nilikuwapo siku lilipofungwa. Kaa basi nikueleze, maana hadithi hii, ukimtoa mama, sijawahi kumpa mtu.

Nililelewa na nyanya. Mama alikuwa bara, katika chuo cha ualimu, na aliondoka kabla sijang'oka jino la kwanza. Picha yake moja tuliyokuwa nayo ililiwa na mchwa pamoja na sanduku. Nitakwambia jambo nililolificha wakati ule: nilikuwa nimeanza kuusahau uso wake. Nikifumba macho niliipata leso yake, niliipata harufu ya mafuta ya nazi kichwani mwake, lakini uso haukuja. Niliona aibu. Nyanya aliligundua siku nilipomuuliza, nikijifanya sijali, kama mama ana mwanya. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Mkono wake ukasimama, kisha akaendelea kukuna.

Haikupita muda barua ikaja. Mama alieleza kuwa kwaya ya chuo ingeonyeshwa kwenye televisheni Jumapili saa nane mchana, naye alikuwa miongoni mwa waimbaji. Nyanya alinisomesha barua ile mara tatu, kwa kuwa macho yake mwenyewe yalikuwa yameingia ukungu. "Jumapili utamwona mamako," akasema, na kwa nyanya neno likishatoka limetoka.

Televisheni yetu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ina kisogo kikubwa kuliko uso, na ndiyo iliyokuwa peke yake katika kichochoro chetu. Nyingine ya karibu ilikuwa kwenye kilabu cha pombe ya mnazi, mahali ambapo nyanya hangetia mguu wala kuniruhusu nitie wangu. Basi Ijumaa, nikiwa nachota maji, nikasikia kishindo. Kuti kavu lilikuwa limeanguka kutoka mnazi wa jirani, likaukata waya wa antena vipande viwili.

Fundi wa redio pale sokoni alikuwa amekwenda Ganze kwenye matanga, na hapana aliyejua angerudi lini. Jirani, mama wa kutoka bara aliyekuwa akiuza viazi vya karai, alikuja kutupa pole kama tuliofiwa. Akamshauri nyanya angoje, huenda kwaya ikaonyeshwa tena siku nyingine. Nyanya akamshukuru, akaniagiza nilete kisu cha samaki.

Nyanya alikuwa msusi wa mikeka. Vidole vyake vilisuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, siku nzima huku uso umeelekea barabarani akiitikia shikamoo za wapita njia, maana kazi ile haikuhitaji macho. Jani likiisha, alipachika jingine juu yake, akaendelea, nawe usingejua pameungwa wapi. Kwa hiyo kitu chochote kirefu kikikatika, yeye alikijua dawa yake. Tukazima televisheni, tukaichomoa. Akachuna ngozi ya waya pande zote mbili, akasokota kila alichokikuta ndani, shaba pamoja na nyuzinyuzi zake, akakaza kwa meno. Fundo lile hata punda wawili wasingelivuta likaachia. Tukawasha. Chenga tupu kwenye kioo, na mvumo kama wa karai la jirani.

Jumamosi tulifungua na kufunga upya mpaka sikumbuki mara ngapi. Nilikula mahamri na mbaazi kwa mkono mmoja, wa pili ukishika waya. Kila fundo lilikuwa gumu kuliko lililotangulia, na kila mara ilikuwa chenga. Jirani akachungulia dirishani, akasema jamani si mpumzike. Nyanya akaisemesha televisheni kwa Kigiriama, maneno ambayo siwezi kukutajia hapa. Nilikwenda kulala nikilia kichinichini, nikijaribu tena kuutafuta uso wa mama, nikaukosa.

Jumapili nyanya hakwenda kanisani. Hilo lilinitisha kuliko chenga. Alikaa barazani na ncha mbili za waya mapajani, akizipapasa. Mwisho akaniita nimwambie kila ninachokiona, bila kuruka kitu. Nikamwambia: katikati mna uzi mmoja wa shaba, kisha plastiki nyeupe kama mshumaa, kisha wavu wa nyuzi nyembamba, kisha ngozi nyeusi. Akataka nirudie, nikarudia.

"Kumbe huyu wa ndani amevikwa," akasema. "Aliyemvika alikuwa na sababu yake. Sisi tumemvua, tukamsokota na nguo zake."

Akaanza upya, polepole. Aliunga shaba kwa shaba. Akachomoa jani kavu katika kitita chake cha miyaa ya kusukia, akalizungusha juu ya ile shaba mpaka isiguse kitu. Ndipo akazisuka zile nyuzi za wavu juu yake, za upande huu na za upande ule, kama anavyosuka ukili. Akamaliza kwa mpira wa baiskeli. Wali wa nazi uliungua jikoni, na hakuna aliyeujali.

Saa nane mkeka ulijaa majirani. Nyanya aliniweka mbele kabisa, akabonyeza. Chenga zikatetemeka, zikapungua, wakatokea wanawake safu kwa safu, sare moja, kila uso mdogo kama njugu. Chumba kikapiga vigelegele. Nikawatazama wote nisimjue hata mmoja. Nyanya akaninyooshea kidole mpaka kikagusa kioo.

"Yule pale, safu ya pili, aliyeinamisha kichwa. Umemwona?"

Nikasema nimemwona. Nikamkodolea macho mpaka wimbo ukaisha, na kuanzia siku hiyo kila nilipofumba macho uso ulikuja. Mama aliporudi Desemba nilimkuta amenenepa kuliko yule wa kwenye televisheni, nikadhani ni chakula cha chuo.

Basi juzi nikampelekea mama lile fundo sebuleni, nikamsimulia. Akacheka hadi akafuta macho kwa leso.

"Mwanangu, siku ile mimi sikuimba. Nilishikwa na homa, nikabaki bwenini. Niliporudi nilimwambia nyanyako, akanikanyaga mguu ninyamaze. Na yeye mwenyewe wakati ule aliona vivuli tu, hata mtu mlangoni hakumjua mpaka atoe sauti."

Nikakaa chini. Nilimkumbuka nyanya kwa uchungu ambao sikuutarajia baada ya miaka mingi hivi. Mnazi ule ulishakatwa, jirani alirejea kwao bara, na kichochoroni sasa kila nyumba ina televisheni yake na mlango wake umefungwa. Yule mwanamke wa safu ya pili, sijui ni nani wala yuko wapi.

Fundi akawasha televisheni mpya, akatuuliza kama picha ni nzuri. Palikuwa na kwaya fulani ikiimba. Picha ilikuwa safi mno, kila uso na nyusi zake, kila jino na mwanya wake. Nikamwambia ni nzuri sana, lile fundo nikiwa bado nimelishika mkononi. Katika picha kama ile, nyanya asingaliweza kunipa mama.