Umri wa Kugombea Ubunge

Karatasi ya majibu niliiandaa mimi. Nilikuwa na shahada, sina kazi, na waandaaji wa mashindano ya Katiba kwa shule za sekondari walitafuta mtu wa kujitolea. Niliipitia mara saba. Mara ya saba ndiyo iliyoniponza. Kwenye umri wa kugombea ubunge nilikuwa nimeandika ishirini na moja, nikajiuliza: kama mtu wa miaka kumi na minane anapiga kura, kwa nini yeye asipigiwe? Hoja ikanilevya. Nikafuta, nikaandika kumi na minane.

Siku yenyewe, katika ukumbi pale Mpanda, shule za Usevya na Kasansa walilingana alama hadi swali la mwisho, na mshindi alikuwa anakwenda Dodoma kwenye fainali ya taifa. Likaja swali hilohilo. Nahodha wa Kasansa, binti mwembamba, akajibu ishirini na moja bila kupepesa macho. Jaji mkuu, mwalimu aliyenifundisha Uraia kidato cha tatu, akatazama karatasi yangu, akatikisa kichwa. Usevya wakaanza kuinuka ili nao wajibu.

Hapo nikakumbuka kwamba Katiba inasema ishirini na moja. Nikisema, nimemwaibisha mwalimu. Nisiposema, mtoto wa watu anarudi nyumbani na jibu sahihi mkononi. Huenda akaacha shule. Huenda wazazi wakahama kwa aibu, na ng'ombe wao wote. Nikiwa bado nawahamisha, binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba Katiba yenyewe isomwe."

Ukumbini kulikuwa na nakala moja tu, na aliyejua ilipo ni mimi. Asubuhi niliona meza ya jaji inacheza, nikahofia atakosea kuandika alama, nikaisokomeza nakala hiyo chini ya mguu mfupi wa meza. Nikapiga magoti mbele ya watu wote, nikaichomoa. Meza ikainama, soda ya mwalimu ikamwagikia karatasi yangu. Sikuisikitikia.

Mwalimu akasoma kimyakimya, kisha kwa sauti: miaka ishirini na moja. Kasansa wakarukaruka. Yeye akanitazama juu ya miwani.

"Majibu haya umeandika wewe?"

"Ndiyo, mwalimu. Nilifikiria sana."

"Tangu kidato cha tatu nakwambia, jibu lako la kwanza linatosha."

Wakati wa kuagana binti alinipa mkono, akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia ishirini na tano.

"Basi kaka, ubunge ruksa. Maswali ndiyo uwaachie wengine."

Nikacheka. Nilipopanda bodaboda kurudi nyumbani, nikaanza kujiuliza alikuwa na jimbo gani akilini.